Lenzi Iliyoingia Jikoni

Nina picha mbili za marehemu mama yangu ambazo nimeziweka katika bahasha moja. Ya kwanza ilipigwa katikati ya mwaka 1979, hapa hapa Igurwa, na mpiga picha mmoja aliyekuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli. Ya pili niliipiga mimi mwenyewe mwaka 2022, kwa kamera ya kisasa yenye lenzi ndogo, na lenzi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike maneno haya. Kati ya picha hizo mbili imepita miaka 43. Mtu akiniuliza ipi iliyopigwa vizuri zaidi, jibu ninalo bila kusita. Akiniuliza ipi nisingekubali kuipoteza, hapo hunyamaza kidogo.

Niieleze kwanza ile ya zamani. Mwaka ule vita vya Kagera vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia katika mkoa wetu mwezi Oktoba 1978, na daraja la Kyaka, ambalo ndilo njia yetu ya kwenda Bukoba, lilikuwa limevunjwa. Kwa hiyo mpiga picha alipotokea tena barabarani na mkoba wake begani, watu walimpokea kama mtu aliyeleta habari kwamba dunia imerudi mahali pake. Kamera yake ilikuwa ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ya kuchungulia kwa juu kana kwamba mtu anatazama ndani ya chungu. Mkanda wake ulitoa picha 12 tu, na baada ya hapo ilibidi usafiri mpaka mjini kwenda kusafishwa. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukosea.

Mama alikuwa jikoni. Mpiga picha alimwita, "Mama, njoo huku juani!" Akatoka akifuta mikono kwenye kanga, akasimama pale alipoelekezwa, jua la saa sita likiwa juu ya utosi wake. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Jua la wakati huo halimulikii mtu usoni, humwangukia kichwani. Macho ya mama katika picha hiyo ni mashimo mawili meusi. Amekunja uso. Mtu asiyemfahamu angesema alikuwa mwanamke mkali, naye hakuwa hivyo hata kidogo.

Lakini tazama nyuma yake. Pale pana mlango wa jiko letu la msonge, nyasi zake zikishuka karibu na ardhi. Pana jiwe la kusagia, ungo umeegemezwa, kahawa imeanikwa juu ya jamvi, na gurudumu la nyuma la baiskeli ya baba. Pana mgomba wenye mkungu mzito uliosimikiwa mti ili usianguke. Pembeni kabisa pana nusu ya mtoto wa miaka saba, sikio moja na bega moja, na mtoto huyo ni mimi. Kila kitu ni kikali, kuanzia kidole cha mguu wa mama hadi unyasi wa paa.

Ukali huo haukutokana na ufundi wa ajabu. Ulitokana na jua. Penye mwanga mwingi mpiga picha hubana tundu la lenzi mpaka likawa dogo, na tundu likiwa dogo, vitu vya karibu na vya mbali huonekana vikali kwa pamoja. Wapiga picha wa enzi zile walikuwa na kanuni yao: jua likiwa kali, weka tundu kwenye f/16. Basi jua lilelile lililoharibu uso wa mama ndilo lililotuhifadhia jiko lake.

Habari hii ya watu wetu kutolewa nje ili waonekane ni ya zamani kuliko mpiga picha wa baiskeli. Mwezi Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Safari yao ilianza na kamera. Mwaka 1860 Grant alipiga picha Unguja, na picha hizo ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa zilizopigwa katika kisiwa hicho. Lakini kamera hiyo haikufika kwetu. Upigaji picha wa siku hizo ulitaka bamba za kioo zipakwe dawa na kusafishwa gizani, ndani ya hema dogo lililofungwa pande zote. Speke aliandika kwamba joto la hema hilo lingemwua mwenzake, na kamera ikarudishwa pwani safari ikiwa bado changa. Grant akashika kalamu na rangi za maji badala yake.

Kisha likatokea jambo ambalo kwetu limekuwa na faida. Grant aliugua vibaya mguu. Speke alipoondoka kwenda Buganda mwezi Januari 1862, Grant alibaki Karagwe mpaka mwezi Aprili. Alikuwa na wakati wa kutazama na kuchora. Kalamu haihitaji tundu wala shata, inaweza kuingia ndani ya nyumba yenye giza na kungoja macho yazoee. Kwa ajili hiyo taswira za mwanzo za Karagwe zilizofika Ulaya zilikuwa michoro. Stanley naye alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876, aliandika juu ya nyumba ya hazina ya Mukama, yenye sanamu za ng'ombe za shaba na mikuki ya kifalme. Leo tunapozitazama taswira za wageni hao, hatutafuti kama uso wa mtu fulani ulifanana naye. Tunatafuta vitu vilivyokuwa kando: umbo la nyumba, jinsi mtu alivyovaa, chombo kilichowekwa sakafuni. Mchoraji aliviweka ili kujaza nafasi. Sisi tumevifanya ushahidi.

Ni kweli pia kwamba wageni hao walichagua wenyewe cha kutazama. Speke alimpima kwa futi mwanamke mmoja wa ukoo wa Rumanyika, mkono, paja na kifua, akachapisha vipimo hivyo kitabuni. Kwa hiyo sisemi kwamba kalamu ilikuwa na huruma kuliko kamera. Nasema tu kwamba giza la nyumba zetu liliishinda kamera kwa muda mrefu sana, na nusu ya maisha yetu, hasa ya akina mama, ilikuwa katika giza hilo.

Huko Ulaya watu walikuwa wakipambana na tatizo hilo hilo. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa akifundisha Vienna, alibuni lenzi iliyopitisha mwanga mwingi kuliko zote za wakati wake, na mtu aliyekuwa akikaa kwa dakika kadhaa bila kutikisika akaweza kupigwa kwa muda wa chini ya dakika moja. Lenzi hiyo ilikuwa kali katikati na hafifu pembeni. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kiwanda cha Carl Zeiss alibuni lenzi aliyoiita Planar, ambayo mpangilio wa vioo vyake umezaa sehemu kubwa ya lenzi za milimita 50 tunazozijua. Kasoro yake ilikuwa kwamba vioo vingi hurudisha mwanga huku na huku, picha ikafifia. Dawa ikapatikana mwaka 1935, Alexander Smakula alipogundua namna ya kupaka kioo utando mwembamba wa kuzuia mng'ao. Kabla ya hapo, mwaka 1924, Wajerumani walikuwa wameshatoa kamera ndogo iitwayo Ermanox yenye lenzi ya f/2, na Erich Salomon akaitumia kupiga picha za mahakamani na za mikutano ya wakubwa bila taa. Hivyo lenzi yenye mwanga ilianza kwa kuingia katika kumbi za mawaziri. Ilichukua karibu miaka mia moja kufika kwenye jiko la mama yangu.

Msomaji ataniuliza: kwani wakati wa mikanda hapakuwa na lenzi kama hiyo Karagwe? Ilikuwepo, na mimi nilikuwa nayo. Mwaka 1992 nilinunua Yashica iliyokwisha kutumika, yenye lenzi ya milimita 50 na tundu la f/2, na kwa miaka zaidi ya kumi niliongezea mshahara wa ualimu kwa kupiga picha za harusi, za kipaimara na za pasipoti. Tofauti ya f/2 na f/1.8 ni ndogo mno. Kilichonishinda ni mkanda. Mkanda wa ISO 100 katika jiko la msonge, hata tundu likiwa wazi kabisa, ulitaka karibu robo sekunde, na katika robo sekunde mkono wa mama anayekoroga uji huwa umekwisha kuyeyuka. Nikifunga taa ya flashi, uso ulitoka mweupe kama uliopakwa unga, na ukuta nyuma yake mweusi tii.

Tena mikanda ile ya rangi haikutengenezwa kwa kututazama sisi. Kwa miaka mingi maabara za Marekani na Ulaya zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi iliachwa ijitafutie. Inaelezwa na waliofanya kazi katika viwanda hivyo kwamba moja ya sababu za kurekebisha mikanda ilikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutofautiana vizuri katika picha. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwanza, halafu nikakumbuka ni maharusi wangapi niliowapelekea picha ambazo bwana harusi ni meno na shati tu.

Nikiri na kosa letu wenyewe wapiga picha. Nilikuwa na shuka la buluu ambalo nililitundika nyuma ya kila mteja, nikiona kuta za udongo na migomba ni aibu. Wateja walinishukuru. Leo familia nyingi hapa zina picha za wazee wao mbele ya shuka langu, na hakuna hata moja inayoonyesha mzee huyo alikaa wapi.

Sasa niieleze hiyo lenzi mpya. Mwaka 2021 binti yangu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, aliniletea kamera isiyo na kioo cha ndani. Katika kamera za zamani za aina ya Yashica yangu, kipo kioo kidogo kinachopeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha na kuruka juu kila anapobonyeza. Tangu mwaka 2008, Panasonic walipotoa kamera yao ya G1, viwanda vimekiondoa kioo hicho, na jicho hutazama skrini ndogo. Kamera imepungua uzito, lenzi imesogea karibu na kipokea mwanga, na ule mlio wa kioo umekwisha. Faida kubwa zaidi niliyoiona mimi ni kwamba unaiona picha kabla hujaipiga, ikiwa na mwanga uleule itakaotoka nao. Kwa mtu aliyezoea kungoja wiki tatu ndipo ajue kama alikosea, hilo si jambo dogo.

Lenzi yenyewe ni ya milimita 50, tundu lake f/1.8, na uzito wake ni kama gramu 160 tu. Haivuti, ukitaka mtu awe mkubwa, sogea. Jina la kiwanda silitaji kwa kuwa siandiki tangazo. Ina kasoro zake. Tundu likiwa wazi kabisa, pembe za picha hufifia na kuingia kivuli, kama ile ya Petzval. Inapotafuta ukali hutoa mlio mdogo wa kukwaruza, na vumbi letu jekundu la kiangazi halizuiwi na kitu chochote. Lakini ukilinganisha na lenzi ya kuvuta iliyokuja na kamera hiyo, ambayo ikivutwa huishia f/5.6, hii ndogo huingiza mwanga karibu mara kumi. Mara kumi ni tofauti kati ya picha na ukungu.

Niliipeleka kwa mama. Wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho na mwanga wa nje ulimuumiza, hivyo kumwita juani kungekuwa ukatili. Nyumba yake kubwa ilikuwa ya mabati, lakini alikataa katakata kuliacha jiko lake la msonge, na siku nzima alikaa humo. Nikaingia, nikakaa chini kwenye kigoda. Mwanga pekee ulitoka mlangoni. Nikafungua tundu lote, nikapandisha ISO mpaka 1600, na kamera ikaniambia kwamba naweza kupiga kwa sehemu moja ya 80 ya sekunde. Kwa mkono mtupu! Bila taa, bila mlio, bila kumwambia ageuke. Aliendelea kumenya ndizi huku akinisimulia ugomvi wa majirani, nami nikapiga.

Picha hiyo ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Macho ya mama yamo, na ndani yake mlango unaonekana, mdogo kama punje ya mtama. Kila mkunjo wa uso wake umekaa mahali pake. Ngozi yake ina rangi yake mwenyewe. Amekaribia kutabasamu. Baada ya miaka 43 nikawa nimelifuta lile jua la mwaka 1979.

Nikaisafishisha Kayanga, kubwa, nikampelekea. Akaileta karibu na jicho la kushoto lililokuwa na nafuu, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, hapa nimekaa wapi?"

Nilidhani ni macho yake. Nikamwambia, "Si hapa hapa jikoni, mama." Akasema, "Aa," akairudisha.

Lakini macho yake yalikuwa yameona sawasawa. Lenzi ya namna hii ikifunguliwa yote, mtu akiwa umbali wa mita moja, sehemu inayotoka kwa ukali ina kina cha sentimita nne hivi, yaani haitoshi hata kutoka puani hadi sikioni. Vilivyobaki huyeyuka kuwa ukungu laini. Ukungu huo ndio unaosifiwa na wauzaji, na kwa kweli unapendeza, maana humtenga mtu na vurugu zinazomzunguka. Vurugu zilizomzunguka mama zilikuwa mafiga yake matatu, kuni zilizokaushwa juu ya dari, kibuyu cha baba, ungo, na nguzo ya katikati iliyong'aa kwa masizi ya nusu karne. Vyote ni rangi ya kahawia iliyochanganyika. Nimelitundika tena lile shuka langu la buluu, safari hii bila kulinunua.

Katika masika ya mwaka 2023 jiko liliegemea upande, na ndugu zangu wakaona ni hatari, wakalibomoa. Mama alifariki kabla mwaka haujaisha. Katika picha zangu zote za siku ile jikoni, na nilipiga zaidi ya 60, hakuna hata moja inayoonyesha jiko. Nilikuwa nimeifurahia mno f/1.8.

Basi nitaihukumuje lenzi hii? Sina budi kuwa mwadilifu. Bila yake nisingekuwa na uso wa mama kama alivyokuwa, nyumbani kwake, mahali ambapo kamera ya Grant haingeweza kufanya kazi hata kama ingefika Karagwe, na ambapo Yashica yangu ilishindwa. Hilo ni deni kubwa. Wala kosa si la kioo. Tundu lile linabanwa kwa kugeuza kidole. Ningeweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu au juu ya gunia la maharage, nikabana mpaka f/8, nikamwomba mama atulie kwa sekunde moja, ningepata vyote. Sikufanya hivyo kwa sababu ya furaha. Mtu aliyenyimwa kitu kwa muda mrefu, siku akikipata hukitumia chote kwa mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana anayenunua lenzi ya namna hii, na sasa zipo nyingi na bei yake si ya kutisha kama zamani, ni huu mfupi. Fungua tundu lote upate uso. Halafu libane, rudi nyuma hatua mbili, upige nyumba. Usidhani nyumba itakungoja kwa sababu imekuwepo tangu hujazaliwa. Nyasi huoza, na kila mwaka mabati huongezeka, jambo ambalo ni jema. Lakini msonge ukianguka hauachi hata msingi wa mawe. Baada ya miaka mitatu mtu hulima maharage juu yake.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alikuwa akizitazama picha hizo mbili mezani. Ile ya zamani hakuichoka. Aliuliza juu ya jiwe, juu ya kahawa, juu ya sikio langu. Alipoishika ile mpya alisema bibi alikuwa mzuri, kisha akaweka kidole juu ya duara moja la mwanga hafifu, nyuma ya bega la kulia la mama. "Mjomba, hiki ni nini?"

Nikamjibu kwamba ni sufuria iliyokuwa imetundikwa, imegusa mwanga wa mlangoni. Dada yangu, aliyekuwa akipita, akainama na kutazama. Akasema sufuria haikuwahi kutundikwa upande ule. Ile ni tundu la paa ambalo mama alikuwa akilalamika kila siku kwamba linavuja. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna mahali pa kwenda kuangalia.